Ndege wa Julai Niliokataa Kuwahesabu

Moraa, mtoto wa Wakisii,

Usicheke mwandiko. Unajua mimi niliacha shule darasa la tatu, na niliacha kwa mapenzi yangu mwenyewe, hakuna mtu alinifukuza. Mwalimu alitaka kunichapa kwa kosa la mwingine, nikatoka kwa dirisha, na mpaka leo sijarudi. Lakini barua naandika. Katika wazee wa rika langu huku Mogogosiek, nionyeshe mwingine anayeweza kukaa chini ajaze karatasi nne bila kuita mjukuu.

Rebeka ameniuliza namwandikia nani. Nikamwambia, namwandikia Moraa. Akaniangalia, akachukua ndoo akaenda kukamua. Mke wangu huyu, unamjua, miaka yote hii hajawahi kuniacha na neno la mwisho. Tangu uende ameanza kuninyamazia, na hiyo imenichosha kuliko ubishi.

Chumba chako hatujampa mtu. Rebeka aliweka vitunguu huko wiki moja, halafu akavitoa. Ule mti wa pembeni ya kijito ulioanguka nusu bado umeanguka nusu. Ng'ombe yule mwekundu, yule alikula soksi yako, amezaa ndama jike. Arap Mitei, jirani, amekata chai yake yote mpaka vijiti, shamba limebaki kama kichwa kilichonyolewa, na wale ndege weusi wenye tumbo jeupe wanashinda hapo kutwa kuokota wadudu. Ungekuwepo ungelala huko.

Na ukungu bado ni ule ule. Unatoka juu, upande wa kiwanda, unateremka polepole kama mtu mwenye magoti mabaya, unafunika chai mstari kwa mstari, mpaka unabaki wewe na sauti tu. Asubuhi nyingine nikisimama hapo mlangoni sijui kama nimeamka au bado. Nasikia wale ndege wakubwa wa kupiga kelele wanapita juu, siwaoni. Nasikia maji. Na mara nyingine, nakwambia ukweli, nasikia zile buti zako za mpira zikikanyaga matope, pwata, pwata, na nanyamaza kimya ili zisiache.

Nakumbuka siku ulipokuja. Darubini shingoni, begi kubwa kuliko mgongo. Nikakuuliza kama wewe ni mtu wa serikali. Ukasema hapana, unasomea digrii ya pili, na unaisomea kwa ndege.

"Ndege?" nikasema. "Huko Kisii hakuna ndege?"

Ukanijibu bila hata kuvuta pumzi: "Wapo, mzee. Lakini mashamba yetu ni madogo. Tukisimama watu wanne, ndege anakosa pa kukanyaga."

Hapo ndipo nilikupa chumba. Sikukuambia, lakini ni hapo. Mtu anayeweza kunijibu hivyo mlangoni kwangu, anaweza kukaa kwangu.

Ukasema watu wa chuo wote wanakimbilia msitu mkubwa kutafuta ndege wa ajabu, na hakuna anayewaandika wa nyumbani. Ukasema, "Mimi nataka wa jikoni. Wale wanakunywa maji ya ng'ombe." Nikafikiri una wazimu kidogo. Lakini kesho yake ukaanza: kila asubuhi, saa moja mpaka saa mbili, kutoka zizini, unafuata ua wa miti, unashuka kwa mistari ya chai mpaka kijitoni kwenye kile kichaka nilichokataa kukata. Kila mtu aliniambia nikate nipande chai. Nilikataa kwa sababu waliniambia. Wewe ukasema hicho kichaka ni dhahabu, na mimi nikasema, bila shaka, ndiyo maana nilikiacha.

Unaandika: ndege gani, wapi, anafanya nini, wako wangapi. Mimi nafuata nyuma na fimbo, nakuonyesha. Ulinifunga kitambaa cha Rebeka usoni siku moja ujue kama kweli najua ndege kwa sauti. Kumi na moja! Kumi na moja wote nilikutajia, na yule wa mwisho wewe mwenyewe hukuwa umemsikia. Ukasema nilichungulia chini ya kitambaa. Sikuchungulia, Moraa. Nilitaka ujue hilo. Katika hii barua kuna uongo wangu nakuja kuukiri, lakini si huo. Huo nilishinda kihalali.

Ulikuwa umeanza kuniita Agui, kama wajukuu zangu. Ulilisema vibaya mwanzoni, kama mtu anakohoa. Baadaye ukalisema vizuri kuliko wao.

Sasa nifike kwa Julai.

Ulituambia moyo wako una mlango mmoja haufungi vizuri, tangu utotoni. Ulisema kama mtu anayesema viatu vyake vinabana. Mwaka jana Juni ikiisha ukaanza kupumzika kila mistari miwili ya chai, halafu kila mstari, halafu midomo ikawa rangi ya zambarau, na daktari akasema ulazwe. Boda boda ikaja mpaka getini. Ukageuka, ukanipa kitabu.

"Agui, usiniachie shimo. Mwaka wote ninao, nimebakisha huu mwezi wa baridi tu. Nataka kujua wanafanya nini baridi ikikaza. Hesabu tu, kila asubuhi. Kila mmoja."

Nikasema, "Mimi? Shimo? Binti, hujui unaongea na nani."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu.

Asubuhi ya kwanza nikaenda. Baridi ya kukata masikio. Kwenye beseni la maji ya ng'ombe walikuwepo wale wa mkia wa kutikisatikisa, na shomoro, na juu ya ua wale wenye mikia mirefu wanaokaa wamekumbatiana. Nikafungua kitabu. Nikainua kidole nianze, mmoja. Na mkono ukaganda hapo hapo, Moraa, kama umeshikwa.

Nilikuambia mimi ni mzee wa kanisa, mambo ya zamani niliyaacha. Uliniuliza sana mambo ya kizamani na kila mara nikakwambia hayo ni ya wasiojua kusoma. Hapo ndipo nilikudanganya mara ya kwanza. Kwa maana baba yangu hakuwahi kuhesabu ng'ombe wake hata siku moja. Kitu chenye uhai hakinyooshewi kidole kikahesabiwa, unakuwa kama unakiitia wa kukichukua. Jioni baba alisimama mlangoni mwa zizi, ng'ombe wakapita, akawatazama nyuso. Kama mmoja hayupo alijua kabla wa mwisho hajaingia. Hakuhitaji namba. Mama naye ukimwuliza watoto, alisema, "Wapo." Sisi tulilelewa hivyo, na mimi nilifikiri limetoka mwilini. Halikuwa limetoka. Lilikuwa limelala tu.

Na wewe ulikuwa kitandani na huo moyo. Nikafikiri, leo hii, huyu mtoto akiwa mgonjwa hivi, mimi nisimame hapa ninyooshe kidole kwa viumbe vyenye uhai, kila asubuhi, mwezi mzima? Nimwitie nani?

Nikashusha mkono. Nikasimama ile saa yote nikiwatazama tu, kama baba. Halafu nikaenda jikoni, nikaketi karibu na moto, nikaandika namba. Namba gani? Zilizonijia. Kumi na mbili hapa, tisa pale. Nilizifanya kubwa, maana nilitaka ufurahi, na pia, nisikufiche, nilitaka ndege wa shamba langu wawe wengi kuliko wa mtu mwingine. Nikafanya hivyo siku thelathini na moja. Kila asubuhi nilienda, mvua au baridi, hilo hakuna mtu ataninyang'anya. Lakini kila namba ni ya uongo. Nilijiambia, namba ikiwa ya uongo, basi hakuna aliyehesabiwa. Nilifikiri nimefanya akili. Nimewalinda wao, nimekulinda wewe, na kitabu hakina shimo.

Ukarudi Agosti, shingo imekuwa nyembamba, macho makubwa. Ukaketi kwenye benchi na kitabu, ukafungua kurasa zangu moja moja. Na machozi yakakutoka. "Agui, umeniokoa." Ukasema mwandiko wangu ni safi kuliko wa wenzako wa chuo.

Mimi nilisema nini? Nilisema, "Si nilikuambia?"

Kama hilo halikutosha, nikaenda Silibwet siku ya soko, nikaketi pale kwa fundi wa viatu, nikatangaza ati jina langu litachapishwa chuo kikuu. Nilisema mpaka watu wakahama kiti.

Ulikaa na sisi Agosti, Septemba, na siku kumi za Oktoba. Hizo ni asubuhi ngapi nilikuwa na wewe, tumeketi tunakunywa chai, wewe umejifunika blanketi la Rebeka, unasikiliza? Kila asubuhi nilisema, kesho nitamwambia. Halafu ukaenda kwa mama yako ukapumzike, na hukurudi. Nilisimama kaburini kwenu na kofia mkononi, kwaya inaimba kwa nguvu mpaka spika inapasuka, na nikataka kukuambia pale pale. Nikaona nimeshachelewa, itakuwa kelele tu.

Baada ya Krismasi akaja Chelangat, yule mwenzako wa darasa, mrefu, anayecheka na pua. Alikuja na kompyuta na habari njema. Akasema walimu wako wamekubali: kazi yako ikikamilishwa, utapewa digrii yako hivyo hivyo, na mama yako ndiye atapanda jukwaani kuipokea, na joho atavalishwa yeye. Chelangat atapanga maandishi. Na akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema, "Mzee, bila zile kurasa zako za Julai tungekwama. Ndizo zinafunga mwaka."

Rebeka alikuwa amepika kuku. Nilikula. Nilieleza vile baridi ilivyokuwa kali na vile sikukosa hata siku moja. Nilimpa maziwa ya mursik abebe.

Ikapita Januari, ikapita Februari. Machi mvua ikaanza na ukungu ukarudi, na asubuhi moja nikashuka kwa chai kutafuta kamba niliyoacha huko. Nilikuwa macho, Moraa. Au nilikuwa nusu. Ulikuwa umechuchumaa kati ya mistari, lile koti lako la kijani, kidole kwenye midomo, kama unavyofanya ndege akiwa karibu. Ukungu unapita ndani yako na nje yako. Nilingoja uniulize. Nilikuwa na maneno tayari, nilikuwa na kisingizio cha kila aina, unajua mimi sikosi cha kusema. Hukuniuliza kitu. Uliniangalia tu kwa ile furaha ya Agosti. Ulikuwa bado unaniamini.

Hiyo ndiyo ilinimaliza. Ungenikasirikia ningebishana na wewe mpaka leo.

Nikavaa koti la kanisani, nikapanda gari mpaka Sotik, huko mama yako anakofanya kazi ya chai. Nilimwendea yeye kwanza, kwa sababu joho ni lake. Alikuwa ametoka kuchuma, bado amefunga lile karatasi la plastiki kiunoni, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, alinipa kiti nikakikataa.

Akasema, "Arap Sigei. Ulikunywa chai yangu ya matanga ukiwa na hayo tumboni?"

"Nilikunywa."

"Na ukaongeza kikombe."

"Niliongeza."

Akacheka, mama yako. Akacheka mpaka akashika ukuta, halafu kicheko kikageuka, akalia, na mimi nikawa nimesimama tu kama nguzo ya ua. Alipomaliza akajipangusa kwa ile plastiki, akasema, "Nenda umwambie yule msichana. Moraa nilimzaa mzima, sikumzaa nusu. Wakimpa kitu, wampe cha kweli. Wakikosa kumpa, nitakaa na jina lake hivyo hivyo." Halafu akasema, "Na ukae chini sasa, mzee mwenye kichwa kigumu, unanizibia mwanga."

Chelangat alikuja Jumamosi. Kwake nilifikiri itakuwa rahisi, kumbe ndiye alikuwa mgumu. Uso ulimwanguka. Akasema, "Zote?" Nikasema zote. Akasema, "Lakini kwa nini, Agui? Ulikuwa unaenda kila siku!" Nikamweleza habari ya kidole. Nilingoja anicheke, msomi kama yeye. Yeye akatazama nje kwa dirisha. Akasema bibi yake, mpaka siku anakufa, hakuwahi kusema watoto wake ni wangapi. Ukimwuliza alisema, "Ni wa kutosha kuniletea maji."

Halafu akatoa kalamu nyekundu, akafuta ukurasa kwa ukurasa, msalaba kutoka pembe mpaka pembe. Thelathini na moja. Niliketi hapo nikatazama zote. Hakuna iliyopita bila kuniingia.

Alipomaliza akaniuliza, "Sasa niambie ulichoona kweli." Na hapo nikaongea mpaka jioni. Nilimwambia habari ya yule wa mguu mmoja uliopinda aliyekuwa anakuja beseni la ng'ombe wenzake wakishaondoka. Nilimwambia vile wenye mikia mirefu walikuwa wanakaa upande wa jua wa ua mpaka saa tatu ndipo wanatawanyika. Yule wa bluu na nyekundu mabawani hakuvuka kijito mwezi mzima. Nyuso zote nilikuwa nazo. Aliandika kwa haraka, akasema hiyo pia itaingia, mahali pake, lakini haiwezi kusimama badala ya namba.

Walimu wamejibu. Digrii haitatoka mwaka huu. Wamesema Julai ihesabiwe upya, mwaka huu, na iandikwe wazi kwamba imehesabiwa na mtu mwingine, na kwa nini. Kwa hiyo jina langu litachapishwa chuo kikuu, kama nilivyotangaza Silibwet, pamoja na nilichofanya. Mama yako anangoja mwaka mwingine. Hilo nimelisababisha mimi.

Chelangat alisema atakuja akae ahesabu yeye. Nikakataa. Alisema mimi ni mkaidi, nikamwambia hiyo si habari mpya. Tukaelewana atakuja kila Jumamosi tuhesabu pamoja, alinganishe namba yake na yangu. Siku zingine ni zangu.

Leo ni siku ya kwanza ya Julai. Nilitoka saa moja. Ukungu ulikuwa mzito hata zizi sikuliona, nikaenda kwa kusikia maziwa yanaingia kwa ndoo. Nikasimama kwa beseni. Nikangoja mpaka ukapungua kidogo wakaanza kutokea, mmoja hapa, mmoja pale, kama wanaumbwa sasa hivi. Nikainua kidole. Na ndani ya zizi Rebeka akakohoa.

Moraa, niliogopa. Nakuambia wewe, sitamwambia Mitei. Kifua cha Rebeka kimekuwa kibaya tangu mvua. Kidole kilikuwa juu na nilifikiri, nikianza, ni yeye. Nilisimama hivyo mpaka mkono ukauma. Lakini nikafikiri pia: mwaka jana sikumhesabu hata mmoja, nilificha wote, na wewe ulienda. Sijui nani anachukua na anatumia orodha gani. Sijui. Mzee mzima na sijui.

Nikasema kwa sauti: mmoja.

Nikafuata ua, nikashuka kwa chai, nikafika kijitoni. Suruali imelowa mpaka mapajani. Kila mmoja nilimwonyesha, nikamtaja namba yake, nikaandika nikiwa nimesimama, si jikoni. Nilipopanda, Rebeka alikuwa mlangoni na mikono kiunoni. "Chai imepoa, umekaa huko kama mtu aliyepanda mizizi." Ni maneno mengi kuliko aliyonipa mwezi mzima. Sijawahi kufurahi kutukanwa hivyo.

Nitaenda kesho, na kesho kutwa, mpaka mwezi uishe, na sitakuongezea ndege hata mmoja, hata yule ninayejua yuko nyuma ya jani. Nisipomwona simwandiki. Siku ya joho nitaketi karibu na mama yako, na watakaposoma nilichofanya, nitasimama ili wanione ni nani. Hiyo ni ahadi.

Lala, mtoto wangu. Saisere, tunavyoagana sisi.

Mwaka jana tarehe kama hii niliandika sabini na nne. Leo ni kumi na tisa.

Agui wako,
Arap Sigei